Fundi Aliyerudi Kabla Likizo Haijaisha

Nyuma ya hospitali, mlango mmoja kabla ya dobi, kuna chumba cha ushonaji, na ndani yake alikuwemo fundi aliyekaa miaka sita bila kwenda likizo. Kazi yake ilikuwa kutia viraka mashuka yaliyochanika na kushonea upya kamba za mavazi ya wagonjwa. Alipolazimishwa kuchukua siku zake ishirini na moja, alifunga begi akaenda kwa binti yake wa pekee, aliyeolewa na mhandisi. Kila akipiga simu, binti alikuwa akisema, "Mama, njoo upumzike, jamani."

Alipumzika siku mbili. Siku ya tatu dada wa kazi aliomba ruhusa akaenda kwao, na binti akasema, "Mama, nishikie hapo jikoni kidogo tu." Kidogo hicho kikaota mizizi. Fundi akawa wa kwanza kuamka na wa mwisho kukaa. Hakunung'unika, kumpikia mwanao si utumwa.

Jumamosi ya pili walikuja wageni, wanawake wanne wa ofisini kwa binti. Fundi aliingia sebuleni na sinia la glasi. Mmoja akamtazama, kisha akamtazama mwenye nyumba.

"Na huyu mama?"

Binti hakuinua macho. "Ananisaidia hapa nyumbani."

Fundi aliweka glasi moja moja, halikumwagika hata tone. "Karibuni," alisema, akarudi jikoni, akashika ukingo wa sinki mpaka vidole vikafa ganzi. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Alidhani aliumaliza wote siku ile ya kujifungua.

Wageni walipoondoka, binti aliingia jikoni, akafungua friji, akaifunga. Akatoka. Asubuhi yake fundi alisema anaondoka, na binti akamwuliza tu kama ana nauli.

Siku nane za likizo zilikuwa bado zimebaki alipofungua mlango wa chumba cha ushonaji.

"Wewe! Likizo imekutema?" Aliyepiga kelele ni mpiga pasi, mama mwenye mikono kama ya mpiga makasia, mdomo haujui likizo.

"Nimechoka kulala. Kule ni kulala na kula tu."

Rundo la mashuka lilikuwa limefika dirishani. Aliyemshikia nafasi alikuwa ameiua cherehani yake: sindano imepinda, uzi unajikusanya chini kama kiota. Fundi alisonya. Alivua saa, akalaza kichwa cha mashine, akachokoa vumbi la pamba kwa brashi, akatia mafuta, akabadilisha sindano. Alijaribu kwenye kitambaa chakavu. Mshono ukatoka umenyooka, mdogo mdogo, safi. Akajaribu tena ingawa hakukuwa na haja. Alijikuta anatabasamu, akajionea haya, maana moyo ulikuwa haujaruhusu.

"Haya, sema," mpiga pasi alisema kutoka mezani kwake. "Mtu aliyekula raha hasonyi hivyo."

Fundi akamwambia yale maneno matatu, ananisaidia hapa nyumbani, bila kuongeza chumvi. Alingoja matusi, mwenzake alikuwa na ghala zima la matusi. Lakini mpiga pasi alinyamaza, kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Alikunja shuka lililotoka kwenye pasi wakati huo huo, likiwa bado la moto, akaja akamwekea mapajani, akarudi zake. Fundi alilaza viganja vyote viwili juu yake. Joto lile halikuondoa kitu. Lakini alikaa nalo mpaka likapoa.

Mchana simu ikalia.

"Mama, umefika salama? Jumamosi tuna wageni tena, na dada hajarudi. Huwezi kuja?"

"Nimesharudi kazini, mwanangu."

"Lakini likizo yako haijaisha!"

"Imeisha."

Binti alivuta pumzi kama anayetaka kusema jambo. Fundi alingoja, sikio limebana simu, akisali kimoyomoyo aseme. "Sawa, Mama," binti alisema, akakata.

Jioni hiyo alikuwa ameshona mashuka kumi na moja. Mpiga pasi aliyahesabu kwa sauti, akamwita mashine ya serikali, na fundi akacheka kweli, kicheko cha tumboni. Njiani kwenda nyumbani alilia. Wiki ikapita, ikafuata nyingine, simu haikulia. Yeye naye hakupiga.