Ndege ya Cirhuza na moto wa Kizuka

Saa tatu asubuhi, ndege inaanguka ziwani hapa Rumonge, kusini mwa Bujumbura, na hakuna anayekimbia. Wanawake wanaoanika ndagala, samaki wadogo wa ziwa hili, ufukweni hawainui hata kichwa. Anayejishika kichwa ni mtu mmoja tu, rubani mwenyewe, Éphraïm Cirhuza. Yu hai, mkavu kabisa, ameketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya mashine ya fotokopi.

"Tumbo lilikuwa zito," anasema, macho kwenye kioo cha kompyuta. "Imekunywa maji mengi, ikashindwa kuinuka."

Cirhuza, mwenye miaka ishirini na tisa, alivuka kutoka Kivu ya Kusini akikimbia vita, akafikia kwenye vita vingine. Hupiga chapa katika duka la Mama Kaoutar, karibu na soko: barua za kuomba kazi, na matangazo ya misiba ambayo siku hizi hayakauki. Kwa mwezi hupata faranga elfu thelathini.

Wateja wakipungua, anaingia kwenye kazi yake ya pili, ambayo haimpi hata sumni. Kuna mchezo wa kompyuta ambao mtu hukaa kitini akarusha ndege kama rubani wa kweli. Cirhuza aliachiwa mchezo huo na mzungu wa shirika la misaada, aliyeondoka kwa haraka kiasi cha kusahau hata soksi. Waliouunda walijaza ndege za abiria. Yeye anaongeza zile walizozisahau: ya kunyunyizia mashamba dawa, na ya kuchota maji ziwani na kuyamwaga juu ya moto.

"Wengine banaenda Paris," anasema. "Mimi nilikuwa ninaenda Kizuka."

Kizuka, kilimani juu ya mji, ndiko kwa wakwe zake. Kiangazi cha mwaka jana, baada ya milio ya risasi kunyamaza, michikichi ya baba mkwe iliwaka moto. Mkewe, Elda, alikuwa miongoni mwa waliopanda na madumu ya maji kichwani.

"Ziwa lote hili," anasema Elda, akilionyesha kwa kidevu kana kwamba ni jirani mchoyo, "na sisi tuko na bidoni."

Toka siku hiyo Cirhuza akawa na ndege moja tu akilini. Hakuwa na wa kumfundisha uzito wa maji unavyoivuruga ndege, basi akafunga bidoni mbili za mawese kwenye baiskeli, akateremka nazo mlima, na katikati ya mteremko akaifungua moja. Baiskeli iliruka upande kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Alirudi mjini goti linavuja damu, uso umejaa furaha, akakaa kwenye kompyuta akaifundisha ndege yake kuruka vilevile.

Hadi hapo watu walicheka tu. Kilichowanyamazisha ni uaminifu wake.

Alichora vilima vya pwani yote kama alivyoviona kutoka kwenye mtumbwi. Kwa kuwa hawezi kuacha kitu, aliweka mabati ya kanisa, vichanja vya samaki, na kule juu ya Kizuka, mahema ya wanajeshi. Kisha akakumbuka picha aliyowahi kuiona ya ndege za kuzima moto za ughaibuni, ambazo humwaga dawa nyekundu. Naye akaweka nyekundu.

Siku moja mwezi wa saba, askari mmoja alikuja kutoa fotokopi ya ruhusa yake ya likizo. Juu ya bega la Cirhuza akaiona ndege ikipita juu ya Kizuka, Kizuka inafuka moshi, na ndege inamwaga kitu chekundu kama damu. Aliondoka bila kuchukua hata chenji.

"Angenigombeza ningelala," anasema Cirhuza. "Lakini alinyamaza."

Adhuhuri soko lilikuwa linajua kwamba Cirhuza ana ndege. Alasiri zilikuwa mbili. Muuza mihogo alimvuta Elda pembeni akamuuliza wanaziweka wapi.

"Nikamujibu, chini ya kitanda," anasema Elda. "Nikacheka. Nikamuangalia, hacheki. Na mimi nikaacha."

Hofu ilikuja kutoka pande mbili. Wanajeshi wangeweza kusema ni mtu wa waasi, na waasi wa vilimani, wakisikia Rumonge kuna mwenye ndege, wangesema ni mtu wa jeshi. Watu wamepotea pwani hii kwa habari ndogo kuliko hiyo. Mama Kaoutar alifunga mlango wa duka mchana kweupe.

"Weye Cirhuza, futa hiyo kitu," alimwambia. "Hiyo mashine njo sahani ya watoto wangu. Bakiibeba, nitabapikia nini, mabawa?"

"Nafuta, mama. Naanza na mahema."

Aligusa kitufe, umeme ukakatika. Akabaki ameketi mbele ya kioo cheusi akijitazama uso. Umeme uliporudi, kamanda wa kambi ya Kizuka alikuwa mlangoni.

"Amahoro," akasema kamanda, yaani amani, huku askari wanne wakisimama nyuma yake na bunduki. Akavua kofia, akakaa kwenye kiti cha wateja. "Nionyeshe ndege inayochoma Kizuka."

Cirhuza akaiondoa ndege ufukweni. Ikachota maji, ikainuka.

"Hiyo nyekundu ni nini?"

"Dawa ya moto, chef," akajibu Cirhuza, akimwita mkuu kwa Kifaransa.

"Nyekundu?"

"Kwa bazungu iko nyekundu, chef."

"Na hapa?"

"Hapa… itakuwa maji. Tangu leo."

Askari mmoja alicheka. Kamanda hakucheka, na yule askari akakimeza kicheko chake.

Mbele kikatokea kilima. Cirhuza anasema angeweza kuigeuza ndege irudi ziwani, lakini kugeuka ghafla kungekuwa sawa na kukiri. Akapita juu ya mahema. Kamanda akainama, akaweka kidole kwenye kioo.

"Hili la mwisho ni langu."

Akamgeukia Cirhuza.

"Uliliona wapi?"

"Kwenye mtumbwi, chef. Kila muvuvi analiona."

Mama Kaoutar anasema hapo alifumba macho, akaanza kumsomea Cirhuza dua ya maiti akiwa bado hai.

Kamanda akarudi nyuma kitini, kama mtu aliyeambiwa kwamba suruali yake imechanika tangu asubuhi. Kisha akasema, "Ondoa." Mahema yakaondoka. "Na hizi." Nyumba zikaondoka. "Na hii michikichi. Na njia. Na kilima."

"Kizuka yote, chef?"

"Yote. Ndege baki nayo. Irushe mahali pasipo na watu."

Walipotoka, Mama Kaoutar alikaa chini sakafuni na hakuinuka hadi jioni.

Hadi leo, viatu vya jeshi vikisikika kwenye changarawe, Cirhuza hufunika kioo kwa kitenge. Elda ameweka begi karibu na mlango. Ndege sasa inazima moto kwenye vilima vya kubuni visivyo na jina. Kila ndege ikikamilika, Cirhuza huituma kwa CD, ndani ya taxi-bus inayopita Gitaza, penye mavamizi ya barabarani, ambapo abiria wote huacha kuongea. Ikifika Bujumbura, rafiki yake Olivier huiweka kwenye mtandao, bure. Mchezaji mmoja wa nchi ya mbali aliandika kusifu ndege, akauliza hii ni nchi gani. Cirhuza hajamjibu.

Mpango anao. Bunduki zikinyamaza, atapanda Kizuka na Elda kwa miguu, aichore upya akiwa ndani yake.

"Nitapiga hodi kila nyumba," anasema. "Niulize, nikuweke? Mwenye kukataa, simuweki."

Na kamanda?

Cirhuza anatazama mlango kwanza, kisha anashusha sauti.

"Na yeye nitamuuliza. Lakini minaomba siku hiyo akuwe amesharudi kwao, na pale juu pakuwe muhogo tu."