Kiti Kimoja na Mama Mkwe

Mimi viwanja vya maonyesho sivipendi, na msinibembeleze. Wajukuu wakitaka bembea, waende na mama zao. Niliwahi kupanda moja pale Shinyanga, miaka ile ya foleni za sabuni, na hasira yake ninayo mpaka leo.

Nilikuwa mchumba wa watu. Ng'ombe wangu walishafika kwao binti, upande wa Runzewe, ikabaki harusi tu baada ya kuuza pamba. Nilimpenda yule binti, tena sana, naona hata haya kusema. Kabla yangu alishaposwa na rafiki yangu mmoja mrefu, tuliyefanya naye kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Mama mtu akamkataa. Alisema huyu ni kijana wa jirani, namjua tangu anatambaa, ni mvivu. Rafiki yangu akacheka, akanipa mkono, akasema yamekwisha. Nami nikaamini, mjinga mimi.

Siku ya maonyesho tulienda watatu: mimi, huyo mrefu, na mwenzetu mmoja mfupi ambaye kazi yake duniani ilikuwa kucheka. Nyuma ya mabanda ya mbegu, mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini alikuwa na michezo yake ya tangu enzi za Mwingereza. Michezo gani! Farasi wa mbao wasio na masikio. Kibanda cha vioo vya kukugeuza mfupi mnene, vumbi limevijaa hata sura huioni. Na ile bembea kubwa, gurudumu la viti lililopita paa la ghala la pamba. Injini yake ilikufa kwa kukosa spea, kwa hiyo wanaume wawili waliovua mashati waliizungusha kwa mpini.

"Hiyo ndiyo yenyewe!" mrefu akasema.

Nikamwambia naona kutu tu. Akaniita mwoga, tena kwa sauti. Sasa Msukuma umwite mwoga mbele za watu!

Nikapanda. Kila kiti kilikuwa cha watu wawili. "Kaa, nakuja," akasema mrefu. Jua la saa nane lilinichoma macho, nikashusha kofia. Nikasikia mtu anaketi, chuma cha kutuzuia kikafungwa, gurudumu likanyanyuka. Nikageuka nimtanie. Lo! Naona khanga. Chini ya khanga, mama mkwe wangu mtarajiwa.

Asiyejua kwetu aelewe: mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja huingia porini mwenzake apite. Mkeka mmoja tu ni balaa, seuze kiti! Nikatazama chini. Mrefu amesimama pale pale, mikono kiunoni. Kumbe ndiye aliyemshika mkono na kumwambia, "Panda mama, nafasi ipo," na mama wa watu, mgeni wa mjini aliyekuja kuona maonyesho, akamwamini mtoto wa jirani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mama akajifunika uso mzima. "Yaya! Yaya!" analia, yaani hapana, hapana. Nikajibana pembeni, nikampa mgongo, nikapiga kelele watushushe. Wale wa mpini wakadhani tunafurahia, wakaongeza nguvu. Tulipofika juu kabisa gurudumu likakwama, kiti kikayumba. Yule mama hajawahi kupanda hata ngazi ya ghorofa. Akanishika. Alinishika kiunoni kwa mikono miwili, akaning'ang'ania, nami sina pa kwenda.

Chini mrefu akapaza sauti: "Jamani, tazameni! Mkwe kamkumbatia mkwe!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Yule mfupi alicheka mpaka akakaa chini.

Tuliposhushwa mama alikimbia, viatu akaviacha. Mimi nilimwendea mrefu, nikampiga ngumi ya mdomo, nikaongeza, na nisingeshikwa ningemwua. Sijutii hata kidogo. Mzee wa Kihindi akaja mbio, anauliza, "Kijana, shida iko gani? Bembea iko salama kabisa." Salama!

Nikapeleka mbuzi kwao binti, wa kusafisha jambo. Akarudishwa na kamba yake. Wazee walinihurumia, wakasema wazi kwamba kosa si langu. Lakini mama alikuwa amejifungia ndani, anaapa kwamba mimi nikimwoa bintiye, yeye atatembea amejifunika uso mpaka kaburini. Baba mtu akaniambia, "Mwanangu, chukua ng'ombe wako." Hakuweza hata kunitazama.

Siku ya kuwaswaga ng'ombe, binti alinisubiri nje ya zizi, macho yamemvimba kwa kulia. Nikamweleza yote upya: kofia, chuma, mpini, urefu wa lile gurudumu, ushenzi wa rafiki yangu. Nikamuuliza, mimi ningefanya nini? Akaniacha nimalize.

"Ungeruka," akasema.

"Kutoka kule juu? Si ningevunjika mguu!"

"Mguu ungepona."