Salamu za Wauza Maharage

Kasulu hatuna meya, tuna mwenyekiti wa halmashauri ya mji. Lakini nilipochaguliwa, mwanamke wa kwanza kukalia kiti kile, wauza maharage waliniita Meya siku hiyohiyo, nami sikuwakataza. Nani hukataa kukuzwa?

Hoja yangu ya kwanza nusura inimalize. Soko jipya lilikuwa tayari, na orodha ya watakaopewa vizimba ilikuwa tayari pia, imejaa mashemeji na wakwe wa madiwani. Wanawake waliokaa chini na magunia ya maharage ya vijiji vya Titye na Munanila, mvua yao, jua lao, hakuwamo hata mmoja. Nilitaka orodha ile ichanwe, vizimba vigawiwe kwa bahati nasibu uwanjani, kila mtu achomoe karatasi yake mbele ya watu.

Kwa kura ningewashinda madiwani hao, na walijua. Ila siku ya baraza wenzangu kadhaa walikuwa msibani, na wapinzani wakiondoka tu, akidi inavunjika. Hoja ingelala, na orodha ingeanza kutumika Jumatatu. Wakati wa chai nikaambiwa mpango wao: gari linanguruma nje, eti wameitwa Kibondo. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nikaacha chai yangu, nikatoka mbio nikawatukane palepale getini.

Sikupata nafasi. Wauza maharage walikuwa wamekuja kusikiliza kikao, na walikuwa wanasalimia.

Asiyetujua sisi Waha hawezi kuelewa. Salamu yetu haina njia ya mkato: unainama, unapiga makofi taratibu, unauliza za mama, za watoto, za mifugo, za mihogo, kisha nawe unaulizwa zote hizo. Kumkatiza mama mtu mzima katikati ni kujivua nguo hadharani. Kiongozi wa wapinzani, diwani mwenye tai nyekundu, alikuwa ameshikwa mkono na bibi mmoja mwembamba.

“Mwakeye, mwanangu. Mamako hajambo?”

“Hajambo, mama.”

“Na mguu wake?”

“Umepona, mama.”

“Ng'ombe naye? Alizaa salama?”

Akimaliza huyo, yuko wa pili, na nyuma yake foleni hadi barabarani. Dereva akazima gari. Mimi, niliyekuwa nikiwapita sokoni kwa “hamjambo” moja ya wote, nilisimama pale nikiona aibu na raha kwa pamoja.

Kengele ikalia. Bibi hakuuachia ule mkono.

“Twende ndani, mwanangu. Wewe kalia kiti chako, sisi tutakaa nyuma tusikilize.”

Wakaingia wote, wapole kama bwana harusi. Hoja ikapita, nami nikatangaza matokeo.

Siku ya kuchomoa karatasi uwanja ulifurika. Bibi yule alipata kizimba cha karibu na lango, akakaa chini kwanza ndipo akaamini. Kisha akaja dada yangu, tuliyenyonya naye ziwa moja, muuza dagaa tangu usichana wake. Akachomoa karatasi tupu. Akanitazama, na uwanja mzima ukanitazama.

Roho iliniuma, sitadanganya. Nikaita, “Anayefuata!”

Vigelegele vikalipuka kila upande, na cha kwanza kilikuwa cha dada yangu.