Sauti ya Ng'ambo kwenye Habari za Saa Mbili

Mwaka ule runinga ilitusumbua kuliko mwaka mwingine wowote ninaoukumbuka. Ulianza kwa kuzimwa mitambo ya analojia, watu wakahangaikia ving'amuzi kama wanavyohangaikia mbolea. Katikati yake zikaingia tamthilia za nje zilizotiwa sauti za Kiswahili, na maharage yakaanza kuungua nyumba kwa nyumba. Kisha mkoa wetu, uliokuwa bado mchanga, ukaanza kusomwa peke yake kwenye utabiri wa hali ya hewa badala ya kufichwa ndani ya Mbeya. Siku ya kwanza kuusikia, mume wangu alisimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Mvua waliyotutabiria haikunyesha, lakini hakujali, mradi ametajwa.

Mimi nikiukumbuka mwaka ule, namkumbuka mama mkwe wangu na begi lake la bluu.

Alikuja kwetu Tunduma baada ya kumzika baba mkwe huko Momba. Alizaliwa ng'ambo, upande wa Zambia, akaolewa upande huu, na ndimi zake zilikuwa Kinamwanga na Kibemba. Kiswahili alikuwa nacho cha sokoni tu: bei gani, punguza, haya basi. Alipofika aliliweka begi nyuma ya mlango wa chumba tulichompa, na pale likakaa. Kila asubuhi alitoa nguo ya siku hiyo, akafunga zipu, akalirudisha mahali pake. Nilimwonyesha kabati. Akaligusa, akalisifu mbao zake, akaendelea na begi lake.

"Nimekuja kuwasalimia," alisema. "Mahindi yakishavunwa, mdogo wangu atakuja kunichukua."

Mdogo wake huyo, mjomba wa mume wangu, alikuwa amebaki ng'ambo kwenye nyumba ya wazazi wao. Mipango yote ilikuwa imeshafanywa, kabla hata hatujala naye chakula cha kwanza.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya kwanza aliuliza mwenyewe jembe liko wapi, na jioni bustani ya mboga nyuma ya nyumba ilikuwa imepata matuta iliyokuwa ikiyadai tangu nilipoolewa. Wenzangu sokoni, ninapouza vitenge, walikuwa wakiomba mama wakwe wao waondoke. Wakinisikia nasema nataka wangu abaki walinitazama kama nimerogwa. Lakini mimi mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nimekulia Nanyala mikononi mwa shangazi, na nyumba yenye mama ndani yake nilikuwa naionja kwa mara ya kwanza. Nilimpenda mwanamke yule. Nilipenda hata kikohozi chake cha alfajiri, kwa sababu kiliniambia kuna mtu ameamka kabla yangu.

Yeye aliniita mkamwana, yaani mke wa mwanawe. Neno zuri tu, la heshima, lakini lina uzio wake.

Kilichomshika pale kwetu, niliona mapema, kilikuwa runinga. Tulikuwa na antena ya zamani juu ya mti wa mwanzi ambao mume wangu aliutoa Ibaba. Ukiigeuza kusini unapata Zambia, na huko, hasa zile saa za Kibemba, mama alisogeza kiti mpaka magoti yakakaribia kugusa kioo. Alijibu salamu za watangazaji. Aliwasahihisha.

Tatizo lilikuwa saa mbili usiku. Sisi wa mpakani tunaishi na saa mbili kichwani, maana wenzetu wa ng'ambo wako nyuma yetu kwa saa moja. Taarifa yetu kubwa ya habari inasomwa saa mbili. Ya kwao inasomwa saa moja yao. Piga hesabu mwenyewe: ni dakika ile ile. Mume wangu, ambaye habari za saa mbili kwake ni kama ibada, alikuwa upande mmoja wa sebule, mama yake upande wa pili, watoto mkekani, na mimi katikati na rimoti. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na zizi lenyewe lilikuwa la inchi ishirini na moja. Tukapatana zamu, leo huku, kesho kule. Hata king'amuzi kilipoingia tuliiacha antena juu kwa ajili ya mama, zamu zikaendelea.

Halafu jioni moja, zamu ya mama, ng'ambo haikuonekana. Chenga tupu. Mume wangu akatoka kuuzungusha mwanzi, mimi nikasimama dirishani kumwambia bado, bado, rudisha kidogo, bado. Alizunguka mpaka akakata tamaa. Sokoni wengine walisema mnara wa kule umeharibika, wengine wakasema nao wanahamia dijitali. Hakuna aliyejua kwa uhakika, na haikurudi.

Mama hakulalamika, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alikaa nasi saa mbili usiku, mikono mapajani, akimtazama msomaji wetu wa habari akimwaga Kiswahili chake.

"Huyu anasoma kama anafukuzwa," alisema. Baada ya muda akaniuliza mahindi ya huku kwetu huwa yanawahi kukauka au yanachelewa. Nikajua anachouliza si mahindi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi niliiona kamba ikivutwa.

Nilijaribu kumtafsiria. Kinyiha changu na Kinamwanga chake ni ndugu, tunasikilizana, lakini nilipomaliza kueleza habari ya kwanza msomaji alikuwa kwenye ya nne, na mume wangu alikuwa amekunja uso kwa sababu mimi nazungumza kanisani.

Kilichotuokoa ni simu ya mteja. Mama alikuwa na redio ndogo ya betri, aliyokuwa akiisikiliza jikoni, yenye kushika stesheni moja ya ng'ambo inayosoma habari kwa Kibemba saa ile ile. Jioni hiyo alikuja nayo sebuleni inaongea, akaiweka juu ya stuli. Simu yangu ikaita, nikabana sauti ya runinga ili nimsikie mteja. Nilipokata simu nikamkuta mama anatikisika mabega. Nikadhani analia. Nikatazama runinga: waziri fulani amesimama kwenye jukwaa, kidole juu, anahutubia, na mdomoni mwake inatoka sauti ya mwanamke wa Kibemba akitangaza vifo. Waziri akapigiwa makofi. Mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Tangu mazishi hatukuwa tumemsikia akicheka.

Tangu siku hiyo zamu zilirudi. Siku za mume wangu tulisikia habari zetu kwa Kiswahili. Siku za mama tulibana sauti, tukawasha redio, picha za Tanzania zikasemewa maneno ya Zambia. Mume wangu alinuna wiki nzima, halafu nikamkamata akicheka nyuma ya mkono. Ajabu ni kwamba mara nyingi vililingana. Bei ya mahindi ni bei ya mahindi, mafuriko ni mafuriko, na viongozi wanaokata utepe wanafanana popote walipo. Mama alisema sasa anapata nchi mbili kwa betri za nchi moja.

Begi, hata hivyo, lilibaki nyuma ya mlango. Mahindi nayo hayakunisubiri. Upepo wa baridi wa mwezi wa sita ukaanza kutupulizia vumbi, magunia yakaanza kupita kwenye maguta, na ujumbe ukaja kutoka ng'ambo kwamba mjomba anavuka wiki hiyo. Mama akafua nguo zake zote, hata zilizokuwa safi.

Wiki hiyo hiyo wakaja watu wa runinga. Walikuja kupiga picha foleni ya malori na biashara ya mpakani, wakaingia sokoni na kamera begani, na kijana mwenye maikrofoni akasimama mbele ya meza yangu kwa sababu, alisema, vitenge vinapendeza kwenye picha. Akaniuliza maisha ya mpakani yakoje. Mimi si mtu wa kunyamaza. Nilieleza. Nilieleza wateja wanaokuja na Kwacha na wanaokuja na maneno matupu, nikaeleza saa mbili za vichwani mwetu, nikaeleza nyumba yangu yenye ndimi nne na mama mkwe aliyetoka ng'ambo ambaye namwomba Mungu asiondoke. Hilo la mwisho lilinitoka tu. Nyumbani nilikuwa sijathubutu kulisema. Nililisema mbele ya kamera na muuza nyanya, na muuza nyanya akapiga makofi.

"Itatoka lini?" nikauliza.

"Wiki hii hii, mama. Fuatilieni taarifa ya habari."

Tukafuatilia. Siku ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Muuza nyanya akaanza kusema kamera ile huenda haikuwa na kitu ndani. Nikaona bora nisitegemee.

Mjomba alifika siku ya zamu ya mama, jioni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mtu mpole, mwenye kofia anayoivua hata akizungumza na watoto. Nilimpigia magoti, nikampa maji ya kunawa, nikampakulia. Alikula akieleza mambo ya nyumbani kwao, nani amevuna vizuri, paa gani limeng'olewa na upepo. Mama alisikiliza, anaitikia, lakini saa mbili ilipofika alinyoosha mkono, akawasha redio, akaniashiria nibane sauti ya runinga.

Mjomba aliacha kutafuna. Alitazama runinga, akatazama redio, akarudi kwenye runinga.

"Dada," akasema kwa Kinamwanga, "huyu mtu mdomo na maneno havielewani."

"Utazoea," mama akamjibu.

Akala matonge mawili akijaribu kuzoea. Kisha akasema alilolijia: kesho waondoke mapema kabla jua halijapanda, amepata mtu wa kuwabebea mizigo mpaka kijijini. Mume wangu akatazama chini. Mimi nikainuka kwenda kuchukua chumvi ambayo hakuna aliyeiomba, maana machozi yangu yana haraka.

Niliposhika mlango nikasikia mtoto wangu akisema, "Mama, wewe huyo."

Nikageuka. Nilikuwa mimi kweli, nimejaa kwenye kioo, vitenge vimetundikwa nyuma yangu, kilemba kimekaa upande. Mdomo wangu ulifunguka, na ikatoka sauti nzito ya mwanamume akieleza kwa Kibemba namna ya kuwazuia dumuzi wasile mahindi ghalani. Nilinyoosha kidole kwa hasira kidogo, nikasisitiza. Dumuzi, nikasema kwa sauti ile, ni lazima wadhibitiwe mapema. Mume wangu alikwama kati ya kucheka na kuitafuta rimoti. Watoto walikuwa chini wanagaagaa.

Mama hakucheka. Alinyanyuka, akaizima redio kwa kiganja kizima, yeye ambaye kitufe chake alikuwa akikigusa kwa kidole kimoja kama anagusa shavu la mtoto mchanga.

"Nyamazeni," akasema. "Mwanangu anaongea."

Nilisikia vizuri, nikiwa bado nimeshika mlango. Mwanangu. Mume wangu akaipata rimoti iliyokuwa chini ya sahani ya mjomba, akapandisha sauti, na tukawahi mkia tu wa maneno yangu: "...namwomba Mungu asiondoke." Halafu kamera ikahamia kwenye malori, na kijana wa maikrofoni akaaga.

Msomaji akaingia habari za michezo, hakuna aliyemsikiliza.

"Kasema nini?" mjomba akauliza, kwa sababu Kiswahili chake ni kidogo kuliko cha dada yake, ambacho miezi ile sebuleni kwetu kilikuwa kimekua.

Mama akamtafsiria. Maneno yangu matatu hayo aliyaeleza kwa Kinamwanga kwa urefu ambao mpaka leo unanishangaza. Alianza na bustani. Akaeleza matuta, akaeleza kabati na mbao zake, akaeleza waziri aliyetangaza vifo. Mjomba alikuwa ameivua kofia, anatikisa kichwa polepole. Mimi nilikuwa nalia waziwazi sasa, na chumvi sikuileta.

Alipomaliza, mjomba akasafisha koo. "Sawa, dada. Lakini kesho bado tunaondoka mapema?"

"Wewe tangulia," mama akasema. "Mimi nimesikia mwisho tu. Habari hii wataisoma tena kesho, nataka kuisikia tangu mwanzo."

Mjomba alitangulia. Alivuka asubuhi na mahindi ya kuchoma tuliyomfungia, na lile begi la bluu, tupu, maana mama alisema la mdogo wake huko kijijini limetoboka na hili litamfaa. Nguo zenyewe niliziona kabatini nilipokwenda kutandika kitanda.

Hawakuisoma kesho yake. Wala wiki ile, wala mpaka mwaka ule ulipokwisha. Kila ikifika saa mbili mama anasogeza kiti, redio juu ya stuli, kidole tayari kwenye kitufe. Nikimwambia habari kama ile haisomwi mara mbili, ananiambia nisiwe na haraka.