Barabara Iliyokunywa Maji

Nilipopata kazi ya kuchemsha lami kwenye barabara ya kwenda Nakuru, jambo la kwanza nililofundishwa ni kwamba maji ni adui wa barabara. Nyapara wetu, aliyetoka magharibi kama mimi, alilirudia kila asubuhi. Maji yakiingia chini, barabara imekufa. Basi tulichanganya kokoto na mchanga wa kutosha, tukatia lami, rola ikapita mpaka uso ukawa laini kama sahani.

Halafu mzungu aliyesimamia kazi akaja akatuambia tuache mchanga. Karibu na Elmenteita, juu ya lami ya zamani, tutandaze kokoto tupu zilizopakwa lami, zenye matundu kati yake. Kipande cha kwanza kiwe cha jiwe jeusi gumu. Kinachofuata kiwe cha jiwe jekundu jepesi, kwa kuwa lilichimbwa kilimani pale pale.

"Na maji, bwana?" nyapara akauliza. "Si yataingia kwa hayo matundu?"

"Ndiyo. Nataka yaingie, halafu yatokee kando."

Nyapara akanitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyesema.

Jiwe jekundu lilinisumbua sana. Lenyewe lilikuwa na vitundu kama mkate, na lilifyonza lami. Nikitia lami kiasi kile kile nilichotia kwenye jiwe jeusi, linabaki kavu, halishikani. Nikiongeza, lami inachuruzika chini na kuziba nafasi ambazo bwana alitaka zibaki wazi. Nilichemsha, nikamwaga, nikaharibu, nikarudia. Mwishowe sikujua tena ni mchanganyiko upi ambao bwana angeuita mzuri.

Mvua ya kwanza iliponyesha tulitoka kambini kutazama. Maji yalianguka barabarani yakapotea, katika vipande vyote viwili. Magari yalipita bila kurusha tope. Wengine walicheka. Mimi niliingiwa na wasiwasi, maana nilikuwa nimelishwa neno moja tangu nianze kazi, na sasa nililiona likivunjwa mchana kweupe.

Kufikia mvua za mwaka uliofuata, malori ya ngano kutoka Mau Narok yalikuwa yamelisaga lile jiwe jekundu. Unga wake ulijaa kwenye matundu, na maji yakaanza kusimama juu.

Mke wangu, niliyeishi naye kambini, alishikwa na uchungu wa kuzaa alasiri moja, mvua ikimwagika. Dereva wetu alikubali kutupeleka hospitali Nakuru kwa lori la kokoto. Mke wa nyapara alipanda nyuma pamoja na mke wangu, wakajifunika turubai. Mimi nikakaa mbele.

Kwenye jiwe jeusi ng'ombe walikatiza ghafla. Dereva alikanyaga breki, lori likasimama pale pale. Tukaendelea. Tulipofika kwenye jekundu, dereva aligusa breki kidogo tu kwenye kona, nalo lori likateleza kama limepakwa sabuni. Tukaishia mtaroni, tumeinama upande mmoja.

"Mko wazima?" nilipiga kelele nikikimbilia nyuma.

"Usipande!" mke wa nyapara akajibu. "Mtoto anakuja. Kaa hapo hapo!"

Nikakaa hapo hapo, maji yakinifika vifundoni, nikisikia mke wangu akilia na kuita mama yake. Niliitazama ile barabara. Mikono ile ile, lami ile ile, mvua ile ile. Nilitaka kumkasirikia mtu na sikujua nani. Kisha mtoto akalia. Msichana. Mke wa nyapara akafunua turubai, akasema, "Haya baba, njoo umwone," nami nikapanda.

Wote wawili walipona. Lakini jiwe jeusi nalo halikudumu. Malori ya kutoka machimbo ya Kariandusi yaliangusha vumbi jeupe humo, likagandamana na kuziba, na kokoto za pembeni zikaanza kung'oka. Yule mzungu alikuwa amehamishwa. Aliyekuja baada yake aliamuru vipande vyote viwili vibomolewe.

"Bwana, hiki cheusi kilitusaidia," nikamwambia.

"Kinaingiza maji," akasema. "Wewe unaona hiyo ni sawa?"

Lile lilikuwa neno la nyapara, na neno langu pia.

Tukabomoa kwa sululu. Chini ya kokoto nyeusi nilikuta lami ya zamani nzima, haina hata ufa, nayo maji yalikuwa yamepita juu yake taratibu hadi mtaroni. Nikamwita nyapara. Akainama, akaipapasa kwa kiganja.

"Sasa maji ni mabaya au si mabaya?" nikamuuliza.

"Usiniulize mimi," akasema. "Lete mchanga."

Nikaenda kuleta mchanga.