Balbu ya Vifaranga

Leo nimepita kwa seremala, na harufu ya maranda makavu imenirudisha kwenye stoo yetu ya Buhongwa. Mama alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, akanunua vifaranga na kuvilea kwenye boksi kubwa lililotandikwa maranda, chini ya balbu ya njano iliyowaka usiku na mchana.

Jioni moja baba alirudi kutoka mjini na balbu mpya, nyeupe kama maziwa.

"Hizi hazili umeme," alisema, akabadilisha zote, hata ile ya stoo. Tulipiga makofi kwa jinsi boksi lilivyong'aa. Kisha mvua ikaingia kutoka ziwani, ikanyesha hadi alfajiri.

Asubuhi stoo ilikuwa kimya. Vifaranga vilikuwa vimerundikana kona moja, vimekakamaa. Baba aliishika ile balbu kwa kiganja chote, akabaki ameishikilia.

"Vuguvugu tu, mke wangu," alisema. "Kumbe haina moto."

Mama alikuwa amepiga magoti, ameweka kifaranga kimoja karibu na midomo yake, anakipulizia pumzi, anakipulizia tu.