Kila Taa na Namba Yake
Jirani yangu hufunga taa za Krismasi kwa vidole vitupu hata theluji ikianguka, na kila anapobana waya huinong'onezea taa namba yake, kama anayemwita mtoto aliyelala. Mwaka huu ameongeza visanduku vipya vinavyoiamuru kila taa peke yake. "Zamani niliwasha mstari mzima, Verlyn," aliniambia. "Sasa kila moja inaitika ikiitwa." Zikiwaka, yeye hazitazami; hukaa mlangoni mwa gereji, kompyuta mapajani, akitutazama sisi tunaopita.

Jana jioni umbo la mtu lililochorwa kwa taa lilitembea ukutani kwake likikokota pipa la taka, bega la kushoto limeinama, likisimama kila baada ya hatua nne. Majirani wakacheka. "Ni wewe huyo, mzee, mpaka kofia," aliniambia Bev wa nyumba ya pili. Nami nilicheka, mpaka nilipouona mkongojo katika mkono wa pili wa umbo lile. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote alichosema daktari Alhamisi kuhusu nyonga yangu.

Nikavuka barabara hadi gerejini kwake. "Hapo umekosea," nikamwambia. "Mimi situmii mkongojo."

Aligusa kitufe kimoja bila kuinua uso. "Bado," akasema.